Vidole vya Watoto wa Ng'ambo ya Barabara

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi yaliyojazwa mchanga, katikati ya kibanda cha fundi kufuli na kibanda cha fundi cherehani, na kila aliyekaa mwisho wake alijua kwamba mwenzake wa upande wa pili akisimama bila taarifa, yeye atakwenda kusalimiana na lami. Hapo ndipo mambo ya dunia yalipoamuliwa kila asubuhi. Ndoa za watu zilivunjwa pale kabla wenyewe hawajagombana, na wagonjwa walizikwa pale wakati wao wapo kwao wanaota jua. Yote hayo yaliendeshwa na kahawa ya Bi Birika, mama mtu mzima, mfupi, mpole wa sauti, aliyeketi kwenye kigoda pembeni na jiko lake la mkaa, kazi yake kumimina na kusikiliza. Hakuna aliyewahi kumtaka maoni. Lakini asubuhi hiyo alitakwa, kwa sababu jambo lililokuwa linajadiliwa lilikuwa chumba cha ng'ambo ya barabara, chenye dirisha pana, ambamo Mwalimu Udongo aliweka watoto wa chekechea, na ambamo mjukuu wa pekee wa Bi Birika, Tone, alikuwa ameketi saa ile ile pamoja na wenzake.

Aliyelianzisha alikuwa Baba Vyumba, mwenye safu yote ya vyumba vya upande ule, hicho cha chekechea kikiwamo. Siku hiyo aliwahi kufika kuliko wote, akatangaza kwamba kahawa ya asubuhi ni juu yake. Mafundi wakaangaliana. Mkono wa Baba Vyumba ulijulikana. Hata salamu aliitoa kama anaikopesha. Lakini kahawa ya bure haiulizwi inakotoka, wakanywa.

— Mimi sisemi kitu, alisema akipuliza kikombe chake. Nauliza tu. Hivi kuna mtu hapa amewahi kuwasikia wale watoto wakiimba a-e-i-o-u?

Watu wakakumbuka. Kweli, chekechea nyingine ukipita nje unasikia makelele mpaka masikio yanawasha. Hii ilikuwa na minong'ono, kicheko hapa na pale, na maji yakimwagika.

— Mtoto akinyamaza, ujue kuna kitu kimevunjika, alisema Kufuli.

— Au kinavunjwa. Nauliza tu.

Kufuli ndiye fundi kufuli, mtu mnene mwenye rundo la funguo kiunoni, akitembea utadhani mbuzi mwenye kengele. Jirani yake, fundi cherehani, walimwita Sindano, kwa ajili ya wembamba wake na kwa ajili ya ulimi wake. Sindano akaweka kikombe chini. Akasema kwamba alikuwa hataki kulitaja, lakini kwa kuwa wakubwa wamelianza, basi: juzi alipita dirishani akaona watoto kila mmoja amepewa kipande cha boksi kilichotobolewa matundu pembeni, na kamba ya kiatu. Wanaingiza kamba tundu hili, wanaitoa tundu lile, wanazunguka mpaka mwisho, kisha wanafumua na kuanza upya.

— Sasa huo ni mshono gani? aliuliza Bi Birika.

— Mshono wa kupitisha, mama yangu. Ndio tunaoanzia sisi. Yule mwanamke anafundisha mafundi. Akishawapata kumi na tano, anafungua karakana, anashonesha sare za shule nzima, na mshahara wao ni biskuti. Haba na haba hujaza kibaba. Mimi nitakula wapi?

— Lakini umesema wanafumua.

— Wanafumua ili tusijue.

Hoja hiyo ilipokelewa vizuri. Kufuli aliitikia kwa kichwa mpaka funguo zikalia. Kisha akainama mbele, akapunguza sauti, akasema kama ni hivyo basi na yeye ana lake. Yule mwalimu alikwenda kibandani kwake, akanunua makomeo mabovu, kitasa kimoja, mnyororo wa mlango na kufuli dogo lenye ufunguo wake. Yeye alidhani ni za milango. Baadaye alipokwenda kumpelekea bawaba aliyoisahau, akaona vyote vimepigiliwa kwenye ubao mmoja, ubao umelazwa sakafuni, na watoto wanne wamepiga magoti. Huyu anafungua komeo, huyu anafunga. Kale kadogo kuliko wote kamekaza ulimi nje kanazungusha ufunguo.

— Mimi nilijifunza ufunguo nikiwa na ndevu, alisema Kufuli. Mtoto wa miaka minne anafungua kufuli kwa ajili ya nini? Ana stoo?

— Lisemwalo lipo, alisema Baba Vyumba taratibu. Na kama halipo, laja.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Kufuli. Ndiyo maana yake hiyo. Wanamkunja mapema ili apite dirishani.

Bi Birika alimimina bila kuangalia, kahawa ikafurika kwenye kikombe cha Sindano. Aliomba radhi. Alikuwa anamfikiria Tone, ambaye ndiye mdogo kuliko wote katika chumba kile, na ambaye hukaza ulimi nje anapofanya jambo gumu.

Habari ya Tone ilikuwa hivi. Mama yake alikwenda kufanya kazi mbali, akamwacha kwa bibi akiwa bado anatambaa, na kabla ya meno kuisha kuota mtoto akaugua homa kali. Alipona, lakini mkono wake wa kulia ulibaki mzito. Kijiko kilimponyoka, kikombe kilimponyoka, vifungo vya gauni alifungwa na bibi. Alipofikisha umri wa shule, Bi Birika alimpeleka kwenye shule nzuri ya barabara kuu, akavaa viatu vyake vya sherehe. Wakamwekea mtoto kalamu mbele. Kalamu ikaanguka. Wakaiweka tena, ikaanguka tena, na mwalimu mkuu akasema kwa upole kabisa kwamba wamlete siku atakayoweza kuishika. Bi Birika alirudi nyumbani, mtoto mgongoni.

Mwalimu Udongo hakutoa kalamu. Alimpa Tone donge la udongo, akamwambia alifinye mpaka lilie. Bi Birika alipouliza kusoma kutaanza lini, mwalimu akamjibu kwamba kusoma kumeshaanza: vidole vikishapata nguvu na akili kwa mchezo, kalamu itakuwa kitu chepesi. Bi Birika hakuelewa vizuri. Aliitikia kwa sababu ule ulikuwa mlango pekee uliofunguliwa, na mtu aliyefunguliwa mlango haulizi sana habari za bawaba.

Sasa alijiuliza kama ulikuwa mlango au mtego.

— Bi Birika, alisema Baba Vyumba, kwa sauti ya mtu anayekuja kutoa pole. Wewe ndiye mwenye mtoto mle. Huyo mjukuu wako nyumbani hujaona kitu?

Bi Birika hakujua kudanganya. Alisema ameona. Jana jioni alipokuwa anaanua nguo, Tone alimfuata nyuma, akasimama juu ya ndoo, akaanza kutoa vibanio vya nguo kambani. Kimoja, kingine, kingine, kwa mkono ule ule wa kulia. Alipomaliza akavirudisha vyote juu ya kamba tupu, akavitoa tena. Kumbe darasani wanapewa vibanio, wanabana kwenye ukingo wa sahani ya karatasi, wanasema wanatengeneza jua.

Alitegemea mtu aseme kitu kuhusu mkono. Wote walikuwa wanajua habari ya mkono ule. Kufuli mwenyewe aliwahi kumbeba Tone kwenda zahanati. Alisubiri.

— Kambani, alisema Sindano. Nguo za nani?

— Zangu.

— Leo zako. Mtu haanzi na za jirani.

— Na nilimkuta na kifungo mfukoni, alisema Bi Birika, kwa kuwa alishaanza kusema kweli akashindwa kusimama. Cha matundu manne.

Sindano akanyanyuka. Ubao ukainuka upande mmoja, na Kufuli akajishika ukutani. Sindano alisema yeye amepoteza vifungo vya matundu manne tangu mwaka jana, kila siku anaangalia chini ya cherehani, anamshuku panya.

Wakati huo alikuwa amefika Redio, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye tangu astaafu hakuna aliyepata swichi yake. Aliposikia walipofikia, alicheka kicheko cha mtu anayejua zaidi.

— Nyinyi mnahangaika na vifungo, alisema akichukua kikombe. Mmeona ukuta wa ndani?

Hawakuuona. Redio alisema amesimama pale asubuhi ile ile, akijifanya anafunga kiatu. Ukutani pametundikwa makaratasi, na kila karatasi ina alama za vidole. Watoto wanachovya vidole kwenye rangi, kimoja kimoja, wanagandamiza. Dole gumba, cha shahada, cha kati, mpaka cha mwisho. Nyekundu, bluu, kijani. Na chini ya kila karatasi kuna jina la mtoto.

Vikombe vikashushwa. Hata Sindano aliketi.

— Vidole vyote kumi, alisema Redio. Na jina. Jamani, mtu ukienda kusajili simu wanataka kidole kimoja tu.

— Kimoja tu, alikubali Kufuli.

— Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana yeye kachukua vyote. Hizo alama zinakwenda mahali. Mtoto atafika miaka kumi na minane, aende kufungua akaunti, aambiwe akaunti unayo na una mkopo. Aende kupiga kura, aambiwe umeshapiga. Aende kuoa, aambiwe mke wako yupo na watoto watatu wanakutafuta.

— Rangi tatu kwa nini? aliuliza Sindano.

— Nchi tatu.

Wakati mwingine Bi Birika angecheka. Hata hiyo asubuhi kicheko kilimfika kooni, kikakuta hofu imeshakaa. Jambo moja la kipuuzi unalipuuza. Mambo manne ya kipuuzi, yakisemwa na wanaume wanne unaowaheshimu, yanaanza kuonekana kama nguzo za nyumba. Na yeye jina la Tone alikuwa ameliandikisha kwa mkono wake.

— Tumwite basi, alisema. Yuko hapo tu, hatua chache. Tumuulize.

Wanaume wakamtazama kama aliyependekeza kumwaga kahawa. Kufuli alimweleza polepole, kwa hisani, kwamba kijiwe kina utaratibu wake. Anayezungumzwa haitwi. Ukimwita, anajibu, na akishajibu mazungumzo yamekufa. Mtabaki mnaangaliana mpaka adhuhuri. Redio akaongeza kwamba, tena, mtu mbaya hujibu vizuri kuliko mtu mwema, kwa hiyo majibu yake yangekuwa ushahidi mwingine.

— Basi mimi nifanyeje? alisema Bi Birika.

Hapo Baba Vyumba akaweka kikombe chake chini. Akasogea karibu na kigoda, akakunja mikono juu ya magoti.

— Mimi nina roho ya huruma, dada, alisema. Yule mwalimu sina ugomvi naye. Lakini chumba ni changu, jina langu ndilo litakaloitwa. Siwezi kumwambia ondoka kwa maneno yangu peke yangu, watu watasema Baba Vyumba ana tamaa. Wazazi wakitoa watoto wao, hapo ni jambo jingine. Hapo anaondoka mwenyewe. Na mzazi mmoja akianza, wengine hufuata.

— Nianze mimi.

— Mimi sisemi kitu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Wengine wakaitikia. Sindano alisema atamshonea Tone gauni la pole, bure, likibakia kitambaa. Kufuli alisema mtoto atakaa hapa hapa benchini, watamlea wote, watamfundisha kuhesabu kwa vikombe. Bi Birika aliangalia jiko lake, mkaa mwekundu, na birika linalotokota juu yake. Aliuona mkono mzito wa kulia ukinyoosha kwenda kuchukua kikombe. Aliikumbuka kalamu inaanguka kwenye sakafu ya shule nzuri. Na juu ya hayo yote aliziona alama za vidole, kumi, za rangi, chini zimeandikwa Tone.

Akavua aproni yake, akaikunja. Wanaume wakampisha ingawa hakuwa anapita kwao.

Alikuwa ndiyo kwanza amefika ukingoni mwa barabara pale kigari cha mizigo kiliposimama mbele yake. Alishuka kijana mmoja nadhifu, na futi ya kupimia mkononi, ile ya chuma inayojikunja yenyewe. Alisalimia benchi zima kwa adabu, shikamooni wazee, akaitikiwa marahaba. Baba Vyumba peke yake hakuitikia. Alikuwa ameugeukia ukuta wa kibanda cha Kufuli, anasoma bei za funguo.

Kijana alijitambulisha kwamba yeye ni muuza magodoro, anatafuta mahali pa kuhifadhi mzigo. Sindano akamwambia karibu, hapa ni nyumbani, kahawa ipo. Alishukuru, akasema hakai, amekuja kupima tu, maana magodoro yanafika kesho. Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

— Ni chumba kile, sivyo? Chenye dirisha kubwa.

— Kile kina chekechea, alisema Kufuli.

— Ndiyo hapo nashangaa, alisema kijana. Mwenye nyumba aliniahidi wiki iliyopita. Aliniambia palikuwa na chekechea, lakini yalitokea mambo mabaya, wazazi wakawatoa watoto wote. Chumba kitupu.

Akakinga jua kwa kiganja, akatazama vizuri. Kupitia dirishani vilionekana vichwa vidogo, vingine vimeinama, vingine vinapishana.

— Sasa wale ni watoto wa nani?

Kijana alidhani hawakusikia, akauliza tena, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza njia. Redio alifungua mdomo, akaufunga. Watu wa benchi lile wakasimulia siku nyingi baadaye kwamba waliiona siku Redio ilipokata mawimbi. Kufuli alishika funguo zake zisilie. Sindano alianza kuhesabu kwa vidole, kutoka wiki iliyopita kuja leo, na kutoka leo kurudi kwenye kahawa ya bure, na alipofika hapo akamgeukia Baba Vyumba polepole, kama mtu anayegeuza nguo aone mshono wa ndani.

Baba Vyumba alimaliza kusoma bei za funguo. Hapakuwa na kingine cha kusoma. Akageuka, akawatabasamia watu wote kwa pamoja, akanyoosha kikombe.

— Bi Birika, ongeza kidogo, alisema. Kahawa yako leo imekubali.

Bi Birika alikuwa bado amesimama ukingoni mwa barabara, aproni mkononi. Alirudi. Alilitoa birika jikoni, akalishika kwa mikono miwili, kwa sababu lilikuwa zito, limejaa mpaka shingoni, na kila mtu aliona jinsi lilivyovuta mabega yake.

— Imekwisha, alisema.

Kisha akavuka barabara na birika lake. Nyuma yake alimsikia kijana wa magodoro akisema kwa mara ya tatu, safari hii kwa Baba Vyumba mwenyewe, samahani mzee, nimeuliza. Hakugeuka. Mlango wa chumba ulikuwa umeegeshwa tu. Alivua viatu, akasukuma, na Mwalimu Udongo, aliyekuwa amekaa sakafuni na unga wa udongo mpaka viwikoni, akashtuka, akafanya kutaka kuinuka.

— Kaa, mwanangu, alisema Bi Birika. Nimekuja kuuliza. Nina maswali mengi na mengine ya kijinga.

— Yaanze ya kijinga, mama, alisema mwalimu. Hayo ndiyo huwa hayaulizwi.

Bi Birika akatafuta mahali pa kuweka birika, mbali na watoto. Tone alikuwa pembeni ya dirisha, kati ya mabeseni mawili, sponji kwenye mkono wa kulia. Alichovya, akainua, ulimi nje, akakamua juu ya beseni la pili mpaka tone la mwisho. Alimwona bibi yake. Hakuwa na nafasi ya kumsalimia. Beseni la kwanza lilikuwa bado nusu.